Mbele ya Kugeuza Ukurasa, Ngojea Paluku

Siku ya kwanza ya kazi, sikukuwa natafuta ile kazi. Nilienda ku foyer ya bamama, pale Butembo, juu ya kujifunza kushona. Kambale alikuwa ku mugongo, Paluku nilimushika mukono. Foyer ni nyumba kwenye bamama banajifunza cherehani, mikate, na kusoma kidogo. Masera Mukubwa, ule mutawa mwenye kuongoza foyer, aliniangalia toka miguu mupaka kichwa. Kisha akaangalia batoto ya bamama bengine, benye balikuwa banalia mu veranda.

"Unajua kusoma?"

"Kidogo, Masera. Nilitoka ku masomo mwaka ya tatu."

"Batoto yako banakutii?"

"Banatii."

"Basi acha cherehani. Ingia ndani, ikala na ile batoto, mama zao bashone kwa amani."

"Na miye nitashona siku gani?"

"Siku batoto ya Butembo bataisha."

Akacheka, akaenda. Mupaka leo sijashona hata robe moja, hata kanzu ya mutoto.

Ninaandika hii kwa bamama bachanga, benye banasema leo kwamba kusomea mutoto mudogo ni muchezo ya batu benye nafasi. Kwetu ilikuwa kazi, na ilikuwa na sheria. Mu salle, ile chumba ya batoto, mulikuwa sanduku ya bitabu bya picha. Bingine bilikuwa na kifaransa, bingine na luga yenye hata Masera hakujua, bingine bila neno hata moja. Masera alinifundisha kushika kitabu ku kifua, uso ya kitabu inaangalia batoto. Musomaji anainamisha kichwa, anaangalia toka juu. Hana haki ya kuona mbele ya batoto. Batoto banaikala mu ronde, ni kusema duara, goti kwa goti, hakuna mwenye kukaa nyuma ya mwenzake. Kidole inapita polepole chini ya kila kitu yenye kuonekana.

Na sheria kubwa ilikuwa hii: mbele ya kugeuza ukurasa, unauliza, "Mumeona bote?" Banajibu, "Tumeona!" Kama moja hajajibu, unangoja. Hata kama iko mujinga, hata kama iko nasinzia, unangoja.

"Juu ya nini kungoja, Masera? Bengine banachoka."

"Ukigeuza mbele yake, ule mutoto amebaki mu ukurasa," Masera akajibu. "Utamutoa mule na nini?"

Nilifikiri ni masemi ya batawa tu.

Nilikuwa na lengo yangu, na sioni haya ya kuisema. Nilitaka brevet, ni kusema cheti, ya monitrice. Monitrice ni mwalimu wa batoto bachanga, na mwenye brevet alikuwa na darasa yake, jina yake ku bureau, na batu banamuita Madame. Nilioleka nikiwa mudogo, nikazaa mbio, na kila mutu aliona maisha yangu imekwisha kupangwa. Miye sikuona vile. Maharagi ikiwa ku moto mangaribi, nilichukua kitabu nikawasomea batoto yangu mbili, juu ya kuzoea. Paluku alishika kitabu upande moja, Kambale anaangalia. Baba yao alikuwa anafanya biashara ya biazi na maharagi, anashuka Kayna, anarudi. Alinikuta vile akasema, "Mama Paluku, unasomea mutoto mwenye hajaota meno yote?" Nikamujibu, "Masikio imekwisha kuota."

Mutu mwenye si wa kwetu aelewe kitu moja. Kwetu Banande jina ya mutoto inasema zamu yake. Mu nyumba yetu, kama mu nyumba mingi, mwanaume wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka. Ukisikia Kambale, unajua kuko Paluku mbele yake. Huwezi kuficha. Na mama anabeba jina ya wa kwanza. Miye nilikuwa Mama Paluku, sikuwa na jina ingine ku soko wala ku kanisa.

Vita ilipofika mu muji, hatukuuliza ni ya nani. Tulikimbia na njia ya Kalunguta, batu bengi, na biti, na magodoro, na kuku. Nilikuwa na Kambale ku mugongo na muzigo ku kichwa. Mama mukwe wangu alikuwa na Paluku, baba yao alikuwa bado Kayna. Ku kilalo, daraja kidogo ya miti, masasi ikalia nyuma yetu, batu bakasukumana, mukono ikatoka mu mukono. Mama mukwe akaita kwa nguvu, "Paluku! Paluku, leta mukono!" Mutoto akaleta mukono. Akaikamata, akakimbia nayo mupaka kule juu, hakuangalia nyuma. Tulipopumzika, nikamuona anapanguza uso ya mutoto na kitambaa yake, anamuambia, "Usilie, Paluku, tumefika."

Haikuwa Paluku yetu.

Alikuwa Paluku. Aliitwa jina yake, akaitika. Kila nyumba kwetu iko na Paluku. Kesho yake mama yake alifika analia, akamubeba, akasema asante. Mama mukwe alibaki anaangalia mukono yake kama vile ni mukono ya mutu mungine. Tulirudi ku kilalo, tukauliza ku manyumba, tukaita mu pori mupaka sauti ikaisha. Bapaluku bengi baliitika. Yetu hapana.

Wakati ile batu balianza kuniita Mama Kambale. Balifikiri ni huruma. Sikuitika. Mutu ananiita mara mbili, mara tatu, mimi napita.

Kisha mwezi kadhaa, tumekwisha kurudi Butembo, Masera Mukubwa alinituma Kalunguta. Batu bengi benye kukimbia balikuwa kule, na batoto balikuwa banashinda bila sauti. Ile njo ilimuogopesha Masera, batoto bengi vile na hakuna kelele. Alinipa sanduku ingine ya bitabu, yenye ilifika nyuma ya sisi kukimbia. Ndani mulikuwa kitabu moja bila maneno, ya mbuzi mweupe. Mbuzi anavaa kofia. Mbuzi anapanda treni. Mbuzi anakula maua ya bibi-arusi. Mbuzi analala mu kitanda ya polisi. Ninawaambia vizuri musisahau: hii kitabu Paluku hakuionaka. Ilifika yeye amekwisha kupotea.

Mukubwa yangu kule alikuwa Bwana Directeur wa masomo ya primaire, mutu wa kofia na cravate ku shingo hata siku ya matope, mwenye alituazima darasa moja. Kambale sasa alikuwa anaweza kuikala mu ronde. Asubui ya kwanza nilifungua kitabu ya mbuzi, nikapitisha kidole, nikauliza, "Mumeona bote?"

"Tumeona!"

"Bado," Kambale akasema. "Paluku hajaona."

Njo niliona. Ku kushoto yake kulikuwa nafasi, ya kutosha mutoto moja. Batoto bengine balikuwa goti kwa goti, lakini pale hakuna goti. Kambale aliinua mukono, akavuta pembe ya kitabu kidogo, akaigeuzia ile nafasi. Akangoja. Kisha akasema, "Sasa ameona."

Nikageuza ukurasa. Nifanye nini?

Nilifikiri ataacha. Hakuacha, na bengine bakafuata. Kisha siku kidogo, ronde yote ilikuwa inaangalia ile nafasi mbele ya kujibu. Siku ingine balingoja kidogo tu. Siku ingine balingoja murefu, mupaka nikasikia majani inagusana inje, na uso yao yote inageuka pamoja sawa vile mutu amesogea. Kisha, "Ameona!" Sijawahi kusikia batoto bachanga banakosana juu ya ile. Juu ya kijiko balipigana. Juu ya Paluku balijua pamoja.

Bwana Directeur alipita ku dirisha, akasimama.

"Mama Kambale, hii ronde yako iko na shimo."

"Miye ni Mama Paluku, Bwana Directeur."

"Pardon. Lakini shimo iko. Ile brevet unataka, Inspecteur wa masomo atakuja juu yake, na kitu ya kwanza ataangalia ni ronde. Akikuta vile, brevet utaisikia ku redio. Funga."

Nilifunga. Kesho yake nilibaikalisha moja moja, nikabasukuma goti kwa goti, mupaka duara ilikuwa kama kikombe. Nikafungua mbuzi na kofia. "Mumeona bote?"

Hakuna mwenye alijibu.

Nikauliza tena. Ile macho yote, madogo, ilitoka ku kitabu ikaenda ku mulango. Bote kwa mara moja. Mulango ilikuwa wazi, jua ilikuwa inaingia mupaka ku sakafu, na inje hakukuwa mutu. Banangojea. Nilishika kitabu ku kifua, sikugeuza. Bwana Directeur alikuwa ku dirisha, ninajua juu nilisikia pumuzi yake. Kisha Kambale akasogeza matako kidogo, na ule wa pembeni yake akasogeza, na mwengine, mupaka nafasi ikarudi. Macho ikatoka ku mulango, ikapita katikati ya salle polepole, ikafika ku ile nafasi, ikasimama pale.

"Tumeona," bakasema.

Bwana Directeur alivua kofia. Hakunisemesha tena juu ya shimo. Na toka ile siku aliniita Mama Paluku.

Mama mukwe tulikuwa tunaishi naye. Alikuwa mutu wa kusema mingi zamani, lakini toka kilalo alisema kidogo tu, na mukono ile ya kuume aliifungia mu kitambaa. Alinisemesha siku moja tunamenya biazi.

"Ni muzimu. Mutoto amekufa, hana pa kupumzika, juu wewe unakatala matanga. Tuikale matanga, tunyoe bichwa, padri aseme misa. Atatuacha."

"Hatujamuona mufu, Mama."

"Batu ngapi banazika leo bila kuona?"

Nilichukua kiazi ingine. Ni mama ya bwana yangu. Lakini mu ile juma, mvua ikiwa nyingi, Kambale alikuja ku ronde akaikala, na mbele ya kufungua kitabu akaniambia, "Leo Paluku hataki kitabu. Iko na homa." Kesho yake pia, homa. Batoto balijibu mbio, bila kuangalia nafasi, juu hakukuwa mutu wa kungojea. Ilipita siku kadhaa vile. Nilisoma kila siku kitabu fupi, na moyo yangu ilikuwa jiwe. Kisha asubui moja Kambale akaikala, akacheka peke yake, akasema, "Amepona. Iko na njaa."

Nilienda kwa mama mukwe mbio, hata chakula ya batoto niliacha ku moto.

"Mama, unisamehe, niulize kitu moja. Mufu anagonjwaka homa?"

"Nini?"

"Mufu. Anagonjwaka? Anaponaka? Anasikiaka njaa?"

Aliweka kisu chini. "Hapana," akasema. "Mufu amekwisha."

"Basi matanga hapana."

Akachukua kisu, akaendelea kumenya. Lakini niliona hakukubali. Hofu yake haikuwa juu Paluku iko mufu. Hofu yake ilikuwa juu anaweza kuwa muzima mahali, anaitika jina yake, na mutu mungine anamukamata mukono. Mufu unaweza kumulilia ukamaliza.

Vita ya pili ilinikuta Beni, kwenye Masera alinituma na Kambale, mama mukwe amekwisha kurudi Butembo. Foyer ilikuwa na salle karibu na soko, na mukubwa yangu sasa alikuwa Madame Responsable, mama mwenye brevet, mwenye miwani, mwenye kupenda kila kitu ku saa yake. Alinipenda juu batoto yangu balitulia. Ronde yangu ilikuwa bado na nafasi, na nilikuwa nimemuambia ni desturi ya Kalunguta. Aliandika jina yangu kwa brevet. Bwana Inspecteur alikuwa anakuja na ndege, na kila mutu alijua kwamba akienda, hatarudi mupaka vita iishe.

Mu Beni kulikuwa Hadji moja, mwenye camion, ni kusema lori, mutu wa dini yake na wa maneno kidogo. Akipita njia ya Mangina, alikuwa anaokota batoto benye banatembea peke yao, anabaleta kwa bibi yake, Mama Zaina, naye anabaleta kwetu. Mu juma ile ya Inspecteur, Mama Zaina alileta kamwanamuke moja, Masika, mwenye miguu ya kuvimba. Alikula, akalala. Kesho yake akaikala mu ronde.

Nilifungua kitabu ya mbuzi. Ilikuwa ile ile moja, hakuna ingine. Nilikuwa bado ku ukurasa ya kofia, batoto banaangalia nafasi, banangoja. Masika hakungoja.

"Sasa atapanda ile nyumba murefu yenye kutembea ku byuma," akasema.

Nikageuza. Treni. Hakuna mutoto wa kwetu mwenye amewahi kuona treni.

"Na nyuma?"

"Anakula maua ya mwanamuke wa robe mweupe. Mwanamuke anakasirika. Nyuma analala mu kitanda ya basoda."

"Ya polisi," Kambale akamurekebisha.

"Ya basoda, mujinga."

Nilifunga kitabu. "Masika, mutoto yangu, nani alikuonesha hii kitabu?"

"Paluku."

"Alikuwa nayo?"

"Hapana. Anasoma mu mikono." Na akafungua mikono yake mbili, pembeni pembeni, uso ya mikono kwangu, kama vile kitabu wazi, akaniangalia juu yake. "Kila asubui. Kwa Mama wa makala, mwenye kuchoma miti."

Madame Responsable alisikia yote. Alitoa miwani, akapanguza. "Mama Paluku, usijipe moyo. Bapaluku iko mingi kama maharagi ya Musienene."

"Ninajua, Madame. Ninajua kupita wewe."

Nikamuuliza Masika ule Paluku anafanana namna gani. Akasema ni mutoto tu. Iko na kovu? Hajui. Mama yake ni nani? Hajui. Nikakuwa karibu kuacha, akasema, "Anatuchokesha. Kila mara lazima tungojee Kambale."

Bakambale pia iko mingi. Niliambia moyo yangu ile, haikusikia.

Ile mangaribi habari ingine ilifika, na mutu wa baiskeli toka Butembo. Baba ya batoto na mama mukwe balikuwa bamechoka kungoja. Matanga ya Paluku itaikaliwa jumamosi, na miye niko hapo ao siko. Na Hadji alituma neno kwamba basoda, baaskari ya vita, batafungua barrière, kizuizi ya njia ya Mangina, kesho, siku moja tu, anaenda kuleta mafuta ya mawese. Kesho. Siku ya Inspecteur.

Asubui Bwana Inspecteur alikuwa mu salle mapema, mutu murefu, na saa ya mukono. Nilimusalimia na kitambaa ya safari ku kichwa, Kambale niliacha kwa Mama Zaina. Camion ilikuwa inanguruma ku soko.

"Madame, ni wewe wa kwanza. Ikala, soma."

Aliniita Madame. Nilisikia ile neno mupaka ku mifupa.

"Bwana Inspecteur, naenda Mangina. Kuko mutoto kule."

"Na hii batoto?"

"Madame Responsable atabasomea. Iko na brevet, hataitaji ingine."

"Nikienda leo sirudi mupaka vita iishe. Unaelewa? Mukate yako, ile brevet, iko hapa ku meza."

"Basi tutaonana vita ikiisha."

Nikapanda ku camion, juu ya ngunia. Sikulia. Kulia ku barabara ile kulikuwa kuita basoda.

Pori ya kule inaanza bila kukuonya. Hadji alikuwa anasali na midomo tu. Alisimama kwenye njia ndogo inaingia mu miti, akasema, "Ni hapa Masika alitokea. Nafika mbele, napakia, narudi. Ukisikia honi, toka."

Nilipita mu kijiji moja. Milango wazi. Sahani ku veranda, chakula ndani imekauka. Mbuzi balikuwa ndani ya manyumba, banaangalia ku madirisha kama benye nyumba. Hakuna mutu, hakuna mbwa. Nilisalimia vile banasalimiaka, juu kupita bila kusalimia ni kubaya. Mbali kidogo moshi ya makala ilikuwa inapanda, mweupe, ya chini chini, inafunika miti mupaka magoti. Na toka ndani ya ile moshi nikasikia batoto:

"Tumeona!"

Nilifuata ile sauti ndani ya moshi.

Balikuwa mu ronde ku udongo, batoto bachafu ya makala, macho tu inaonekana. Mwenye kusoma alinipa mugongo. Mikono yake ilikuwa wazi ku kifua, uso ya mikono inaangalia bengine, kichwa ameinamisha. Alikuwa ameongezeka urefu. Mugongo ya mutoto inabadilikaka, singeweza kuapa. Ku ronde kulikuwa nafasi moja. Sikuita jina yake. Jina yake ilikuwa imetudanganya mara moja. Nikaenda nikaikala mu ile nafasi, goti kwa goti na batoto ya batu.

Hakuinua kichwa. "Mumeona bote?"

"Tumeona!"

Akageuza mikono polepole upande yangu. Ndani ya mikono mulikuwa weusi ya makala tu.

"Na wewe?"

"Nimeona," nikasema.

Njo aliinua macho. Aliniangalia vile mutu anaangalia mutu mwenye kuchelewa ku misa.

"Mama, mulikawia," akasema.

Mama wa makala alikuwa muzee, mukavu, mwenye sauti ya moshi. Hakuniuliza kwa magumu. "Ni yako?"

"Ni yangu."

"Mvua ya mwisho ilitaka kumuua na homa. Alikatala chakula, alikatala hata ile kitabu yake ya mikono. Siku alipona alikula chungu muzima." Akaonesha bengine na kidevu. "Na hii? Mama zao njo iko nyuma yako?"

"Iko camion nyuma yangu."

Hadji aliporudi alibabeba bote juu ya mitungi ya mawese. Muzee alikatala kupanda. Makala yake ilikuwa haijaiva.

Hadji alishusha bengine Beni, hakuzima camion hata tuchukue Kambale, na tulifika Butembo jumamosi, jua ikiwa juu. Batu balikuwa banaikala ku majani ya ndizi mu lupango, uwanja ya nyumba yetu, bichwa bimenyolewa, na bamama banaimba. Paluku aliingia mbele yangu. Wimbo haikukatika kwa mara moja. Ilikatika sauti moja moja, kama batu banazima taa mu nyumba kubwa, mupaka alibaki mama moja kipofu anaimba peke yake, anauliza, "Ni nini? Muko wapi?" Batu bengine balikimbia na nyuma ya kikoni, na bale hatukubaona tena. Baba yake alisimama, hakusogea.

Mama mukwe njo alikuja. Aliingia mu kikoni kwanza, akarudi na munyu, chumvi ya kupikia, ndani ya mukono ile ya kuume. Alikuwa anaamini mufu hawezi munyu. Akainyoosha mukono mbele ya mutoto, mbali, kama mwenye kulisha ngombe yenye haimujui.

"Lamba."

Paluku akalamba. Akakunja uso.

"Koko, ni mingi!" akaambia mama ya baba yake.

Mama mukwe akaikala chini mu bumbi. Na Paluku akageukia baba yake, akaangalia kile kichwa yenye kungaa, akauliza kama ni chawa. Mutu moja akacheka, kisha bote, kucheka yenye kufanana na kulia. Chakula ya matanga tulikula. Kambale alifika toka Beni na Mama Zaina nyuma ya siku kadhaa. Akaangalia mukubwa yake, akamupa kipande ya ndizi yake, hawakusalimiana. Mutu hasalimiake mwenye bameshinda naye.

Brevet sikupata. Vita ilipoisha Inspecteur alikuwa mungine, na sheria ilikuwa mupya, ya batu benye kumaliza masomo. Nilifanya kazi mupaka magoti ikakatala kuikala chini, na siku ya kupumzika baliandika jina yangu ku auxiliaire, ni kusema musaidizi. Sawa. Bamama bachanga bananiuliza kama inaniuma. Inaniuma. Mama mwenye iko na lengo alifuate, asidanganywe na mutu kwamba mutoto anatosha kujaza maisha. Na ikifika siku moja lengo iko ku meza na mutoto iko mu pori, hatauliza mutu njia.

Juu ya ile ingine, vile alijua kitabu yenye hakuionaka, sikumuuliza Paluku. Leo ni mutu muzima, anatengeneza milango, iko na batoto. Kuko batu mu soko mupaka leo banapita mbali naye, hawamupe mukono. Ni biashara yao. Miye nilimuzaa, nilimuogesha makala yote, najua nani nilileta.

Lakini nikikumbuka kazi, sikumbuke Mangina. Nakumbuka asubui moja ku foyer ya Butembo, nyuma ya ile matanga. Paluku na Kambale balikuwa mu ronde. Mama mukwe alipita ku mulango, na kichwa yake yenye kunyolewa, hakusalimia mutu. Akavua viatu, akasukuma batoto, akaikala chini katikati ya bajukuu yake mbili. Nilisoma. Nilipitisha kidole. Nikauliza, "Mumeona bote?"

"Tumeona!"

Yeye hakujibu. Paluku akamuangalia. "Koko, umeona?"

"Hapana," akasema. Alikuwa anaangalia kitabu, lakini hakukuwa anaiona. "Rudisha mwanzo."

Mu kazi yetu ukurasa yenye kugeuzwa hairudi. Batoto balianza kunungunika, moja akasema Koko ni muvivu. Nikabanyamazisha. Nikafunga kitabu, nikaifungua tena ku ukurasa ya kwanza, na nikangojea ule mama.